Mari hayumo katika mawe: Wavaskoni wa kale waliabudu nani?

SWALI: Nimekuwa nikifuatilia habari za Wabaski, wale wa mpakani mwa Uhispania na Ufaransa. Kila ninaposoma naambiwa kwamba wahenga wao, Wavaskoni, walimwabudu mungu mmoja wa kike aitwaye Mari, anayeishi mapangoni, na kwamba hiyo ndiyo dini kongwe kuliko zote Ulaya, ambayo Warumi na Wakelti hawakuigusa. Ni kweli? Na majirani zao waliamini nini? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Ndugu yangu wa Dodoma, nikujibu kwanza, maelezo yafuate. Jina la Mari halijapatikana kwenye jiwe lolote la Wavaskoni wala la majirani zao. Yaliyopatikana ni majina mengine, tena mengi, na karibu kila moja ni la mahali padogo: mlima huu, bonde lile, chemchemi ile. Mari naye yupo, lakini yupo katika masimulizi ya wakulima na wachungaji ambayo kwa sehemu kubwa yaliandikwa karne ya 20. Kati ya mawe na masimulizi hayo pamepita miaka kama 1,700, na anayeliziba pengo hilo kwa sentensi moja anakuuzia hadithi.

Tuwaweke watu hawa mahali pao. Wavaskoni walikuwa wenyeji wa Navarra ya leo, kaskazini mwa Uhispania, pamoja na upande wa magharibi wa Aragón, ukanda wa La Rioja ulio jirani na mto Ebro, na kipande kidogo cha Gipuzkoa kinachogusa bahari, ambako palikuwa na bandari ya Oiasso, yaani Irun. Miji yao ni kama Calagurris, sasa Calahorra. Pompaelo, sasa Pamplona, uliopewa jina la jemadari Pompeius aliyepiga kambi huko katika majira ya baridi ya mwaka 75 KK. Na Andelo, Cara na Cascantum. Ng'ambo ya milima ya Pirenei, hadi mto Garonne, waliishi Waakitania. Magharibi walikuwapo Wavarduli, Wakaristi na Waautrigoni, kusini Waberoni na Wakeltiberia, ambao lugha zao zilikuwa za Kikelti, mashariki Waiberia. Usiwafikirie Wavaskoni kama watu waliojifungia milimani. Sehemu kubwa ya nchi yao ilikuwa uwanda wa ngano, mizabibu na barabara, na huko ndiko ushahidi wetu mwingi juu yao wenyewe ulikotoka.

Ushahidi wenyewe ni madhabahu, na ukisikia neno hilo usijenge picha ya hekalu. Ni vijiwe. Upande wa Akitania vingi vilichongwa kwa marumaru ya machimbo ya Saint-Béat, vidogo kiasi cha mtu mmoja kubeba kwapani. Ubavuni wakati mwingine pamechorwa mti kama msonobari, au gurudumu, au msalaba uliopindwa ncha zake. Mbele pana mistari michache ya Kilatini: jina la mungu, jina la aliyeliweka jiwe, kisha mara nyingi herufi nne, V S L M, kifupi cha maneno yanayosema kwamba huyu ametimiza nadhiri yake kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa mungu alistahili. Karibu yote ni ya karne tatu za kwanza baada ya Kristo.

Kwa hiyo mpangilio ni ule ule ambao wengi wetu tunaufahamu: mtu alikuwa na shida, akaweka nadhiri, shida ikaondoka, akatekeleza alichoahidi. Jiwe ni risiti. Linatuambia nani alilipa na nani alilipwa, basi. Halisemi mungu huyo alikuwa na mke au hana, alizaliwaje, aligombana na nani, wala roho ya marehemu ilikwenda wapi. Hakuna kisa hata kimoja cha miungu wa Wavaskoni kilichotufikia kutoka kwa Wavaskoni wenyewe, na hilo ukilishika utaelewa kwa nini vitabu vingi juu yao vimejaa maneno "huenda" na "inadhaniwa".

Hata hivyo risiti nyingi zikiwekwa pamoja huanza kusema. Kwenye mawe ya Akitania wataalamu wamekusanya majina kama 400 ya watu na kama 70 ya miungu ambayo si ya Kilatini wala ya Kikelti, bali ni ya lugha iliyo mzazi, au ndugu wa karibu sana, wa Kibaski cha leo. Hapo ndipo elimu hii ilipopata mguu wa kusimamia. Tukiona jina Aherbelste, anayejua Kibaski anasikia humo aker, beberu, na beltz, nyeusi. Mungu Beberu Mweusi, mwenye jiwe lake la Kirumi kabisa. Nitarudi kwake, maana amewaponza watu wengi.

Wapo miungu ambao ni miti waziwazi, na majina yao ni ya Kilatini: Fagus, mti mkubwa wa misitu ya Ulaya wenye gome laini la kijivu, na Sexarbor, yaani Miti Sita. Hebu fikiria mungu anayeitwa Miti Sita. Lazima palikuwa na mahali fulani, karibu na kijiji fulani, ambapo kila mtoto alijua ni miti gani hiyo. Milima nayo ina wake. Kwenye Mont Sacon watu waliweka mawe kwa "Milima" na kwa Ageio pamoja. Garri anachukua jina lake kwa mlima Gar, au mlima kwake. Erge alikuwa na mahali pake Montsérié, na pale madhabahu zimepatikana kwa wingi kuliko kawaida, pamoja na kinyago cha shaba chenye sura ya mwanamume. Maji pia: Ilixo ndiye mwenye chemchemi za moto za Bagnères-de-Luchon, na kwenye maji hayo hayo watu waliwawekea mawe mabinti wa maji wa Kirumi. Karibu na Tardets, katika nchi ya Soule, mtu aitwaye Valerianus aliweka wakfu patakatifu pa Herauscorritsehe. Jiwe lake limehifadhiwa katika kanisa dogo la Magdalena lililo juu ya kilima.

Huko Ardiège, Akitania, alikuwapo Leherennus, na kwenye baadhi ya mawe yake ameandikwa pamoja na Mars, mungu wa vita wa Warumi. Kwa haraka haraka utasema alikuwa mungu wa vita. Lakini huko Galia, yaani Ufaransa ya kale, Mars mara nyingi alikuwa mlinzi wa jamii, wa mipaka na hata wa afya, na watu wa Ardiège walioishi miaka 200 chini ya amani ya Kirumi hawakuwa na vita vya kuombea. Mwenyeji alipotafuta jina la Kirumi la kumpa mungu wa kwao, alichagua lililokaribia kazi yake, si lazima lile ambalo shule zetu zingemchagulia.

Sasa tuvuke milima tuingie Navarra, kwa Wavaskoni wenyewe. Mawe ni machache zaidi, na mengi yako Navarra ya kati, kutoka Estella kwenda mashariki hadi Sangüesa. Losa, au Loxa, anatajwa Lerate, Arguiñáriz na Cirauqui, sehemu zilizo jirani jirani. Selatse alikuwa wa Barbarin, na jina lake limeandikwa pia Stelaitse, kana kwamba wachonga mawe hawakukubaliana jinsi ya kulitamka. Itsacurrinne ni wa Izcue, Errensa wa Larraga. Peremusta alipewa cheo cha "mungu mkuu" huko Eslava na Rocaforte, na ukuu huo nauelewa kama heshima ya mwenye shida kwa mlinzi wake, kwani nje ya eneo hilo hakuna anayemtaja. Larrahe ndiye aliyesafiri kidogo: anaonekana Andelo na Irujo, na miaka ya karibuni jiwe lake jingine, lililowekwa na mwanamke aitwaye Valeria Vitella, lilitolewa ndani ya kisima huko Larunbe, kaskazini-magharibi mwa Pamplona. Larre kwa Kibaski ni malisho ya wazi, na wengi wanamwona kuwa mungu wa malisho. Mimi naona inaelekea kuwa hivyo.

Kati ya mawe yote ya Navarra ninalolipenda kuliko yote ni la Ujué, kijiji kilicho juu ya kilima. Ni mawili kwa kweli. Watu wale wale, Coelius Tesphoros, Festa na Telesinus, waliweka moja kwa Lacubegi na jingine kwa Jupiter, mungu mkuu wa Warumi. La Lacubegi lina kichwa cha fahali. Angalia majina ya walioweka: Tesphoros ni jina la Kigiriki, la aina waliyokuwa wakipewa watumwa na watumwa walioachwa huru. Basi huyu mungu wa kienyeji mwenye jina la kienyeji kabisa aliwekewa jiwe na watu ambao huenda asili yao haikuwa Navarra hata kidogo. Walifika mahali, wakaambiwa mwenyeji wa mahali ni nani, wakampa chake, wakampa na Jupiter chake. Hapo hakuna "dini ya Kirumi" inayopigana na "dini ya Kivaskoni". Kuna watu wanaotaka mambo yao yaende sawa.

Vichwa vya fahali vipo kwenye madhabahu nyingine kadhaa za eneo hilo, na kuna waandishi wanaovichukulia kuwa alama ya ibada ya kale ya ng'ombe. Pole pole hapo. Arellano, katika Navarra hiyo hiyo, kulikuwa na jumba kubwa la shamba ambalo mwenyewe alijenga mahali pa ibada ya Cybele, mama wa miungu aliyeletwa Roma kutoka Asia Ndogo, na pale pia pana madhabahu zenye vichwa vya fahali. Fahali alikuwa sadaka ya kifahari katika dola zima.

Baada ya mawe, maneno ya wageni. Strabo, Mgiriki aliyeandika zama za makaisari Augustus na Tiberius, hakuwahi kukanyaga Hispania. Aliyoyasema aliyachota kwa waliomtangulia. Anasema kwamba Wakeltiberia na majirani zao wa kaskazini, usiku wa mwezi mpevu, humtolea sadaka mungu asiye na jina mbele ya milango ya nyumba zao, na kaya nzima hucheza ngoma mpaka kunapambazuka. Wavaskoni ni majirani wa kaskazini wa Wakeltiberia, hivyo wamo, lakini Waberoni na wengine wamo pia. Sentensi hii imezaa makala nyingi kuhusu "mungu mwezi" wa Wabaski. Mimi inanivutia kwa jambo jingine: mlango, usiku, na kaya nzima. Ni ibada ya nyumbani, isiyo na kuhani wala jiwe, na ibada ya namna hiyo haiachi risiti. Ikiwa Strabo yuko sahihi, basi sehemu kubwa ya dini ya watu hawa ilifanyika mahali ambapo mchimbaji hawezi kuiona. Na "asiye na jina" yaweza kumaanisha kwamba jina lake halikutajwa ovyo, au kwamba Mgiriki aliyeuliza hakuambiwa.

Mahali pengine Strabo anawaweka pamoja watu wote wa milima ya kaskazini, kuanzia Wagalaiki wa pembe ya kaskazini-magharibi hadi Wavaskoni, na kusema wanaishi maisha ya aina moja: wanakula sana nyama ya mbuzi, na kwa Ares, mungu wa vita kwa Kigiriki, humchinja beberu, na mateka, na farasi. Habari ya mateka ichukue kwa tahadhari, kwani Wagiriki na Warumi walipenda kuwasingizia sadaka za binadamu watu ambao wao walikwisha kuwashinda. Beberu, kwa wafugaji wa mbuzi, hakuna sababu ya kumkataa.

Kisha kuna ndege. Mkusanyiko mmoja wa maisha ya makaisari, ulioandikwa karibu na mwisho wa karne ya 4 na maarufu kwa uongo wake, unasema Kaisari Severus Alexander (222–235) alikuwa hodari wa kubashiri kwa ndege kiasi cha kuwashinda Wavaskoni wa Hispania. Habari ya Kaisari yaweza kuwa ya kubuni. Lakini ili sifa hiyo iingie akilini mwa msomaji wa Roma, ilibidi awe ameshasikia kwamba Wavaskoni ndio mabingwa wa kusoma ndege. Na karne kadhaa baadaye, aliyeandika maisha ya Mtakatifu Amandus, mmisionari wa karne ya 7, anawashutumu Wavaskoni kwa mambo mawili: sanamu na ubashiri. Mashahidi wawili wasiojuana, jambo lile lile. Hilo nalipa uzito kuliko mwezi.

Labda umesikia pia habari za Mkono wa Irulegi. Mwaka 2021 wachimbaji wa jumuiya ya sayansi ya Aranzadi walikuta, katika mlango wa nyumba iliyoungua kwenye kilima cha Irulegi karibu na Pamplona, bamba jembamba la shaba lililokatwa kwa umbo la kiganja cha kulia, urefu wake kama sentimita 14. Nyumba iliteketea wakati wa vita vya Sertorius, jemadari wa Kirumi aliyeasi, mwanzoni mwa karne ya 1 KK, na hivyo bamba hilo ni kongwe kuliko madhabahu zote nilizokutajia. Lina tundu upande wa kifundo, na inaonekana lilipigiliwa mlangoni vidole vikitazama chini. Lina maneno machache kwa hati ya asili ya Kiiberia. Lilipotangazwa Novemba 2022 neno la kwanza lilisomwa sorioneku, likafananishwa na zorioneko la Kibaski cha leo, lenye maana ya bahati njema, na magazeti yakaandika kwamba Wavaskoni wamesema. Usomaji wa baadaye uliigeuza herufi ya mwisho, sorioneke, na kuna mabingwa wa lugha wasioukubali ulinganisho huo. Neno likae pembeni. Kitu chenyewe kinatosha: nyumba ya Wavaskoni iliyolindwa mlangoni, hapo hapo ambapo Strabo aliwaweka wacheza ngoma wake. Majirani wa Ebro walikuwa na desturi ya kuwakata maadui mkono wa kulia, na jiwe la El Palao, Alcañiz, linaonyesha mikono iliyokatwa pamoja na tai mzoga. Wapo wanaosema mkono wa Irulegi ni desturi hiyo iliyogeuzwa hirizi. Inawezekana.

Kuhusu wafu, wachimbaji wanajua zaidi kuliko waandishi. Watu wazima walichomwa. Kwenye malisho ya juu ya Pirenei ya magharibi, kama Okabe na Oianleku, kuna duara ndogo za mawe, mamia kwa mamia, na ndani yake majivu kidogo. Wabaski wa baadaye waliziita mairubaratz, bustani za Mairu, yaani za majitu yasiyobatizwa, ishara kwamba walikwisha kusahau ni za nani. Watoto wachanga hawakuchomwa. Huko Alto de la Cruz, Cortes, kijiji cha Zama za Chuma cha bonde la Ebro, walizikwa chini ya sakafu ya nyumba. Na vijijini kwa Wabaski, hadi karne ya 20, palikuwa na kumbukumbu ya kuwazika watoto wasiobatizwa chini ya upenu wa nyumba. Hapa, kuliko kwa Mari, nashawishika kuona uzi mmoja mrefu, ingawa desturi hiyo Wabaski hawakuwa nayo peke yao.

Majirani wa kusini walifanya tofauti. Silius Italicus, mshairi wa karne ya 1 BK, anasema Wakeltiberia waliona ni fedheha kumchoma shujaa aliyefia vitani; aliachwa aliwe na tai mzoga, apelekwe mbinguni kwa miungu. Nao walikuwa na miungu wanaojulikana kwa Wakelti kote: Lugus ameandikwa kwenye mwamba wa Peñalba de Villastar, Teruel, na wale Mama Watakatifu wana jiwe lao Laguardia, Álava. Magharibi, katika Álava, kuna Helasse huko Miñano Mayor, Baelibio huko Angostina, na Tullonio huko Alegría, ambaye jina lake bado liko kwenye safu ya milima ya Toloño. Kwa Waberoni kulikuwa na Dercetius, mwenye mlima. Na mtawa Aemilianus, aliyefariki mwaka 574, alipotaka upweke alipanda mlima huo huo, na aliyeandika maisha yake anautaja kwa jina lile lile la mungu. Wakantabri, mbali kidogo, walimwekea Erudinus jiwe kwenye mlima Dobra, na tarehe iliyosomwa humo ni mwaka 399, wakati makaisari walikuwa Wakristo na sadaka za namna hiyo zimepigwa marufuku. Kwa hiyo ukivuka kutoka lugha ya Kibaski kwenda ya Kikelti, majina hubadilika lakini desturi haibadiliki sana: mlima, maji, nadhiri, jiwe.

Turudi kwa Mari. Tunamjua hasa kwa kazi ya José Miguel de Barandiaran (1889–1991), padri wa Ataun aliyezunguka vijijini kwa miongo mingi akiandika alichoambiwa. Bibi huyo anakaa katika pango la Anboto, anahamia Aizkorri na Txindoki akipita angani kama moto, anachana nywele kwa chanuo la dhahabu, analeta mvua ya mawe. Anaishi kwa mali ya waongo: mwenye kondoo 100 akisema ana 90, wale kumi aliowakana ni wa Mari. Simulizi tamu, na nina hakika zina mambo ya zamani ndani yake. Lakini mabibi wa mapangoni wenye chanuo la dhahabu wamejaa Ulaya nzima, na Julio Caro Baroja, aliyejifunza kwa Barandiaran, alikuwa mwangalifu zaidi ya mwalimu wake katika kuyarudisha haya yote enzi za mawe. Kumfanya Mari mungu mkuu mmoja wa taifa zima, mwenye dini yake na mfumo wake, ni kazi ya karne iliyopita, na ilifanywa na watu waliotaka taifa lao liwe na kitu cha namna hiyo.

Beberu naye ni vivyo hivyo. Mwaka 1610 baraza la kuwahukumu wazushi huko Logroño lilitoa hukumu katika kesi ya wachawi wa Zugarramurdi, Navarra. Watu 6 walichomwa, pamoja na sanamu za wengine 5 waliokwisha kufia gerezani. Walishtakiwa kwa kumwabudu shetani mwenye umbo la beberu. Msomaji akimwona Aherbelste kwenye jiwe la Kirumi, anapiga makofi: ndiye yule yule! Ila beberu wa wachawi alikuwa kwenye vichwa vya mahakimu kutoka Ujerumani hadi Scotland, ambako hakuna aliyejua Kibaski. Aliyefanana naye Akitania alikuwa mungu wa heshima mwenye jiwe la marumaru, na ninadhani angeshangaa sana. Na ukikutana na Urtzi, "mungu wa mbingu", jua kwamba mzizi wake ni mwongozo wa mahujaji wa karne ya 12, ambao mwandishi wake alisikia Wabaski wakimwita Mungu urcia. Wakati huo walikuwa Wakristo, na walikuwa wakimtaja Mungu wa kanisani.

Limebaki lile la "haikuguswa". Maofisa wa mji wa Andelo walimwekea Apollo bamba la shaba lenye maandishi. Katika maji ya rasi ya Higuer, mbele ya bandari ya Oiasso, wazamiaji walitoa sura nne za shaba, na miongoni mwazo pamoja na Minerva na Mars yumo Isis wa Misri. Calagurris ulikuwa na mashahidi wake wa Kikristo, askari Emeterius na Celedonius, na mshairi Prudentius, aliyezaliwa mwaka 348, aliwasifu huku akiutaja upagani wa Wavaskoni kama jambo la kijinga lililokwisha pita. Mwaka 589 askofu wa Pamplona, Liliolus, alikaa katika mtaguso wa Toledo. Lakini askofu mjini hakumaanisha ubatizo katika kila bonde, na ndiyo maana Amandus alipofika karne iliyofuata alikuta, kwa mujibu wa mwandishi wake, watu wa sanamu na ndege, na alipokuwa akihubiri akasimama mchekeshaji mmoja akamfanyia mzaha mbele ya watu. Mwandishi anadai pepo alimvaa mchekeshaji papo hapo. Mwandishi huyo alikuwa upande wa Wafranki, watawala wa Galia, waliokuwa wakipigana na Wavaskoni karne hiyo hiyo, kwa hiyo soma maneno yake ukijua hilo.